Baiskeli Mwanza: njia tunazo, pa kupita hatuna

Juzi jirani yangu kaniona natoa baiskeli getini saa 11 na nusu alfajiri, akaniuliza kwa huruma kabisa: "Vipi mdogo wangu, mambo yamekuwa magumu?" Nikamwambia hapana kaka, naenda Kisesa mara moja, saa 3 nitakuwa nimerudi. Akatikisa kichwa. Jioni mkewe akamuuliza mama yangu kama bado niko kazini. Ndiyo Mwanza yetu hiyo. Ukikimbia barabarani unafanya mazoezi. Ukipanda bodaboda una haraka zako. Ukipanda baiskeli na una shahada, ama umefilisika ama umeanza kuiga wazungu. (Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo hilo la kufilisika si mbali sana na ukweli, teh teh.)

Naanza na hilo kwa sababu wiki chache zilizopita nilialikwa kwenye kikao katika hoteli moja hapa mjini. Mada: utalii wa baiskeli kando ya Ziwa Victoria. Mtoa mada, kijana msomi tu kama mimi na wewe, alikuja na picha za milima ya Alps. Jamani, picha zilikuwa tamu. Mabonde ya kijani, barabara nyembamba za lami zinajikunja kama nyoka, watu wa makamo wamevaa kaptula za kubana wanapanda mlima huku wanatoa ulimi. Akatuonyesha Alpe d'Huez, ule mlima wa Ufaransa wenye kona 21 na urefu wa karibu kilomita 14, ambao Tour de France iliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na Fausto Coppi akashinda. Kila kona ina kibao chenye namba na jina la mtu aliyewahi kushinda pale. Kwenye milima mingi ya kule kuna vijiwe kando ya barabara vinavyomwambia mwendesha baiskeli amebakiza kilomita ngapi na kilomita inayofuata ina mwinuko wa asilimia ngapi. Yaani mtu analipa nauli ya ndege, analipa hoteli, ili akateseke kwa mpangilio maalumu.

Picha ya mwisho ilikuwa Mwamba wa Bismarck wakati jua linazama, na chini yake swali: kwa nini isiwe Mwanza? Tukapiga makofi. Tukala sato. Tulipotoka nje, uwanja ulikuwa umejaa magari. Baiskeli ilikuwa moja, yangu, na asubuhi mlinzi alikuwa ameniomba niiweke nyuma, karibu na mapipa ya taka, "isiharibu mandhari."

Sasa mimi sitaki kumcheka yule kijana, kwa sababu nakubaliana naye zaidi ya nusu. Hebu tuangalie. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Chamonix, mji wa Ufaransa unaosifika duniani kote kwa kukaa chini ya Mont Blanc, uko mita 1,035 hivi. Maana yake mama anayekaanga samaki pale Mwaloni Kirumba amesimama juu kuliko mtalii anayekunywa kahawa Chamonix! Kweli sisi hatuna mlima wa kilomita 14. Vilima vyetu ni vifupi na vina hasira: jaribu kupanda Bugando bila kushuka, au Isamilo, au zile njia za Bwiru zinazopita katikati ya mawe, halafu uniambie mapaja yako yanasemaje. Hewa haichomi kama Dar. Ziwa unaliona karibu kila ukigeuka. Hata upepo una ratiba yake: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Mtu anayeendesha anajifunza kuondoka mapema, kwa sababu anayechelewa kurudi mjini anakula upepo wa usoni mpaka akome.

Njia zenyewe je? Ngoja nikutembeze kidogo, kwa sababu nina wasiwasi wengi wetu tunazijua kwa dirisha la basi tu.

Iko ya kaskazini: Kirumba, Pasiansi, unapita uwanja wa ndege, unakwenda Igombe na kuendelea Kayenze. Hii ndiyo ya kumpeleka mtu anayeanza. Ukishapita uwanja wa ndege magari yanapungua, mitumbwi unaiona, dagaa wameanikwa, watoto wanakukimbiza wakipiga kelele. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi, basi.

Iko ya mzunguko, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unatoka mjini kwa barabara ya Musoma: Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, mpaka Kisesa. Pale unaweza kuingia Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada, ambako kila Juni Bagika na Bagalu wanashindana ngoma kwenye Bulabo. Halafu badala ya kurudi ulikotoka, unashika barabara ya mchepuko ya Kisesa hadi Usagara, kama kilomita 17, mashamba huku na huku na majabali yamebebana utafikiri kuna mtu aliyapanga. Ukifika Usagara unageuza kurudi mjini: Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo. Ukijumlisha ni kilomita 50 na kitu. Mtu wa kawaida mwenye pumzi za kawaida anamaliza kabla ya saa 4 asubuhi na bado anawahi kazini, ananuka kidogo tu.

Na iko mpya, ambayo tumeletewa na daraja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo na Busisi. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 3, na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Sisi tuliokulia huku tunajua maana yake. Zamani ukienda Sengerema au Geita ulikaa pale Kigongo unasubiri kivuko, unakula karanga, unakula mahindi, unamaliza hela ya nauli kwa kula, mara kivuko kibovu, mara foleni imefika mbali. Mwezi mmoja baada ya kufunguliwa nilikwenda na baiskeli. Nilivuka kwa muda usiozidi dakika 15, na muda huo ni pamoja na kusimama mara mbili kupiga picha na mara moja kwa sababu nilishikwa na kitu kooni. Chini maji, mbele Busisi, nyuma Misungwi, na pembeni nafasi ya kutosha. Kuna njia ya watembea kwa miguu. Kuna ukingo mpana kiasi kwamba lori likipita husikii joto la injini kwenye sikio. Nilifika Sengerema, nikala, nikashuka Kamanga kwa vumbi jingi, nikavuka kwa kivuko na kutokea mjini katikati. Siku nzima. Nimepita njia chache nzuri kuliko ile maishani mwangu, na sikuhitaji Alps.

Lakini nataka uangalie jambo moja. Kwenye daraja nilikuwa salama. Nilipolimaliza tu, ile nafasi ya pembeni ikapungua, na barabara ikarudi kuwa kama barabara zetu zote: lami ya magari mawili, mstari mweupe uliofutika, na baada ya mstari kuna ukingo uliomeguka. Usawa wa udongo uko chini ya lami kwa inchi tatu, nne, mahali pengine zaidi. Wataalamu wanaliita bega la barabara. La kwetu mara nyingi ni kokoto, au shimo, au meza ya nyanya.

Niliwahi kulijua hilo bega kwa goti.

Ilikuwa barabara ya Musoma, natoka Magu narudi mjini, nimeshapita daraja la mto Simiyu, nakaribia Nyanguge. Mbele yangu linakuja fuso limejaa magunia. Nyuma ya fuso basi, na basi likaamua kulipita fuso. Sijui kama umewahi kuona basi zima linakuja upande wako na dereva anakuwashia taa, maana yake: nimekuona, kwa hiyo toka wewe. Nikatoka. Gurudumu la mbele likadondoka kutoka kwenye lami, likakamata kokoto, na mimi nikaendelea peke yangu bila baiskeli. Basi lilishapita zamani. Sikupata hata namba, na jina lake silisemi, maana siku hiyo lingeweza kuwa basi lolote kati ya yale tunayopanda mimi na wewe na kumwambia dereva "suka, kanyaga twende."

Aliyesimama alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix, madumu matupu mawili yamefungwa kwenye keria kwa mipira. Muuza maziwa, anarudi nyumbani. Nikamwamkia "Mwadila baba," akaitikia, akaona Kisukuma changu kimeishia hapo, akahamia Kiswahili. Akaniosha goti kwa maji ya kunywa aliyokuwa nayo, akanyoosha usukani wangu kwa kuubana katikati ya magoti yake, fundi kabisa. Akaizunguka baiskeli yangu mara mbili.

"Kijana wangu, hii haina keria. Unabebea nini?"

"Sibebi kitu mzee. Natembea tu."

"Kutoka mjini mpaka Magu? Kutembea tu?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Na mimi nikacheka, japo mbavu ziliniuma.

Tukaongozana mpaka alipokatia kwenda kwake, na nilichojifunza kwenye zile kilomita chache kinazidi kikao kizima cha hotelini. Mzee ana madumu mawili ya lita 20, siku nyingine anaongeza la tatu. Maziwa lita moja yanazidi kilo kidogo, kwa hiyo nyuma yake kuna kilo 40 hadi 60 na zaidi. Dumu lazima lijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu likiwa nusu, maziwa yanacheza ndani na baiskeli nayo inacheza. Lazima afike mjini kabla jua halijawa kali, la sivyo yataganda na mteja hatayachukua. Kwa hiyo anatoka usiku bado ni usiku, bila taa. Miezi ya mvua ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu huku ziwani radi na mvua zinapenda kuja usiku wa manane na alfajiri, saa zake za kazi hasa.

Nikamuuliza anafanyaje likija basi kama lile.

"Wewe ulishuka kwa sababu hujabeba," akaniambia. "Mimi nikiwa na maziwa sishuki. Nikishuka pale kwenye kokoto naanguka, maziwa yote yanamwagika, na hela ya mwenye ng'ombe nitadaiwa."

"Sasa unafanyaje mzee?"

"Nashika usukani, naangalia mbele. Wao ndio wanajua."

Akanionyesha mti mmoja kando ya barabara. Mwenzao aligongwa pale, masika iliyopita. Baiskeli yake walimuuzia mkewe wakampa hela. Alisema hivyo tu, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza mjini sasa hivi maziwa wanauza shilingi ngapi kwenye migahawa.

Tangu siku ile nikiamka kwenda Kisesa naangalia tofauti. Simama Igoma asubuhi saa 12 na nusu, ndugu msomaji, simama tu dakika 20. Maziwa yanaingia. Mkaa unaingia, magunia mawili mawili, mwenye baiskeli haonekani, unaona magunia yanatembea. Mchicha unaingia. Wakati huohuo samaki wanatoka Mwaloni kwenda vijijini, matenga yanachuruzika. Vibarua wanakwenda viwandani Nyakato. Hakuna mtu aliyewachorea ramani wala kuwawekea kibao. Ile njia ya mzunguko niliyokusifia hapo juu, mimi niliiona nzuri kwa sababu wao walishaipita miaka, wanajua wapi kuna maji, wapi kuna fundi wa pancha, wapi kuna kivuli. Njia za baiskeli za Mwanza zipo, na wenyewe wapo. Hawakualikwa hotelini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule kijana wa picha. Mpango wake unaanza na mtalii: ramani, vibao, baiskeli za kukodisha, tovuti. Mimi nasema tuanze na mzee wa maziwa. Tuweke bega la lami, mita moja na nusu kila upande, kwenye barabara tatu zinazotoka mjini, ya Musoma mpaka Kisesa, ya Shinyanga mpaka Usagara, ya uwanja wa ndege mpaka Igombe, na tuendelee kusogea mbele kila barabara inapofanyiwa matengenezo. Usawa uwe mmoja na lami, hakuna kidaraja. Rasta zile zinazotikisa gari zikatwe kabla ya kufika ukingoni, mtu wa baiskeli apite bila kumwaga maziwa. Halafu, hayo yakishakuwapo, mlete mtalii wako. Atapita hapohapo. Mzungu wa Alps akija leo tutampeleka wapi? Kule Nyanguge nilikodondoka mimi? Atapiga picha ya basi, hiyo itakuwa picha yake ya mwisho.

Najua mtaniambia fedha hakuna. Tumejenga daraja la bilioni 700, na nimeshalisifia, silirudii. Na kwenye daraja lenyewe wahandisi walikumbuka mtu wa miguu, kwa hiyo akili hiyo tunayo. Inakuwaje mtu huyohuyo akishafika nchi kavu anasahauliwa?

Mtaniambia pia bodaboda watalichukua bega. Hili ni la kweli na sina jibu zuri. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilipata njia ya baiskeli pembeni, na kila aliyepita pale amekutana na pikipiki inakuja kinyume inapiga honi kama njia ni yake. Wenzetu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, wamelipigia kelele suala la usalama wao kwa miaka mingi. Bega litavamiwa, ndiyo. Na meza za nyanya zitasogea. Lakini bega lililovamiwa na bodaboda bado lina nafasi ya kukwepea. Kokoto hazina. Nichagulie kati ya kugombana na bodaboda na kugombana na fuso, nitachagua bodaboda kila siku.

Na lipo lile la jirani yangu, la kwamba baiskeli ni ya maskini na nchi inayoendelea inaiacha nyuma. Hili linaniudhi zaidi kwa sababu tumelisahau la kwetu wenyewe. Babu yangu alinunua Raleigh kwa hela ya pamba, zama zile za vyama vya ushirika, wakati Victoria Federation ya kina Paul Bomani iliyoundwa mwaka 1955 ilipokuwa inanunua pamba ya Usukuma. Ilikuwa inaoshwa Jumamosi, inafunikwa kitambaa, watoto haturuhusiwi kuigusa. (Nilikuta fremu tu, lakini hata fremu ilikuwa na heshima yake.) Kanda ya Ziwa ndiyo kanda ya baiskeli nchini. Shinyanga baiskeli zilibeba abiria mpaka zikaitwa daladala. Miaka ya 2000 Vodacom ilidhamini mashindano ya baiskeli hapa Mwanza, watu walijaa barabarani, walikuwepo wanaume, wanawake, na watu wenye ulemavu kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Nakumbuka vijana wanaomaliza mbio wakiwa na baiskeli ambazo kesho yake zinarudi kubeba mkaa. Wale hawakuwa wanaiga mzungu yeyote.

Angalia majirani. Rwanda, nchi ambayo sisi tunaipita kwa ukubwa mara kadhaa wa kadhaa, ilianzisha Tour du Rwanda mwaka 1988. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika tangu yaanze. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume, na alivyoshinda alikuwa anapanda vilima ambavyo, samahani, si virefu kuliko vyetu sana. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 akavaa jezi ya kijani. Chris Froome, aliyeshinda Tour mara nne, alizaliwa Nairobi na alifundishwa kuendesha na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Girmay na Froome walianzia Afrika hii hii yetu. Mimi nina hakika kwenye barabara ya Kisesa kuna kijana wa miaka 17 anayebeba lita 60 alfajiri, na ukimvua yale madumu ukampa baiskeli nyepesi hatutamwona tena mpaka mstari wa mwisho. Swali langu ni kama atafika miaka 20 akiwa mzima.

Kwa hiyo nilipoombwa kuandika habari ya kile kikao niliandika yaliyosemwa, kama kazi inavyotaka, maneno 400, picha moja. Haya mengine ni yangu.

Jumatatu nilimpigia simu yule kijana wa picha. Sikumlaumu, nilimwambia tu kwamba njia yake ipo tayari na Jumamosi nampeleka akaione, tutakwenda Kisesa, tutazunguka Usagara, nitamtafutia baiskeli. Alifurahi kweli, akasema hajaendesha tangu sekondari. Nikamwambia tukutane Igoma saa 12 kamili, tuwaone wa maziwa wakiingia. Akanyamaza kidogo, nikadhani saa 12 imemshtua.

Kumbe anawaza gari lake ataegesha wapi. Nikamwambia kuna sheli pale, mlinzi wao namfahamu.